Kishindo cha Sekunde ya Tisa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha fundi redio, na mguu wake wa kushoto ulishavunjika zamani, sasa upande huo umeegemezwa juu ya transfoma iliyoungua. Anayekaa huko lazima akae kwa adabu. Wanaokutana hapo kila asubuhi ni walewale. Yupo Kinyozi, ambaye duka lake liko mlango wa pili na wateja wake wamezoea kuja kumtafuta benchini wakiwa na nywele zao. Yupo Katibu, mstaafu wa ofisi ya mafaili, ambaye hata kijiweni anaandika kumbukumbu za kikao kwenye daftari. Yupo Breki, dereva wa bodaboda, aliyepewa jina hilo kwa kitu asichokuwa nacho. Na yupo Mama Birika, muuza kahawa, anayekaa kwenye kigoda chake akipuliza mkaa na kuvumilia. Fundi mwenye kibanda wanamwita Waya. Asubuhi hiyo Waya hakuwa na hamu ya soga hata kidogo, maana maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Mezani, mlangoni kabisa ili mwanga uingie, kulikuwa na kompyuta. Usidhani ni hizi za siku hizi za kukunja na kutia mkobani. Hii ilikuwa ya mtindo wa zamani, Waya ameiunda kwa mikono yake juu ya kipande cha mbao: chipu za kuokoteza, kibodi iliyokosa herufi mbili, na televisheni ya chogo badala ya skrini. Ukiizima inasahau kila kitu, kwa hiyo kila ukiiwasha lazima uilishe programu upya, na chakula chake ni kaseti, hizihizi za muziki. Programu inarekodiwa kama mlio. Mlio unatoka kwenye redio kaseti, unaingia kwenye saketi ndogo ya kupokea sauti, na saketi ndiyo inayokata shauri: huu ni moja, huu ni sifuri. Ikikosea, kompyuta inagoma.

Na kaseti iliyokuwa inagomewa haikuwa ya mtu baki. Ilikuwa ya marehemu shemeji yake, mwalimu wa hesabu, mume wa Dada Mkubwa. Shemeji ndiye aliyemfundisha Waya kushika chuma cha kulehemu, na alikuwa na kompyuta yake ya kujiundia, imekaa sebuleni kwenye meza ya kulia chakula miaka na miaka. Alipofariki, Dada alimwomba Waya apunguze makorokoro. Waya akapunguza kompyuta. Aliing'oa kifaa kimoja kimoja, akatengenezea redio za watu. Halafu mwezi uliopita Dada akaikuta kaseti chini ya kikapu cha kushonea, imeandikwa kwa mwandiko wa mumewe: "Ya mke wangu." Na mashine pekee iliyojua kuisoma ilikuwa imetawanyika ndani ya redio za mtaa mzima. Dada hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomkosesha Waya usingizi.

Akala kiapo kwamba ataunda mashine nyingine. Akaiunda. Sasa leo saa sita mchana Dada alikuwa anapanda basi kwenda kuishi kwa binti yake, mji wa mbali, na kaseti yake anaondoka nayo. Saa nne ilikuwa imeshapita.

— Haya, tupe taarifa, akasema Katibu, kalamu iko tayari. Jaribio la ngapi hili?

— La kumi na nne, Waya akajibu.

— Na limeishia wapi?

— Palepale. Sekunde ya tisa.

Kaseti zake mwenyewe, alizozirekodi kwa kujaribia, saketi ilizimeza bila kulalamika. Hii ya shemeji ilikuwa na mambo yake. Inaanza na kelele za ovyo, sindano ya mita ya kupima sauti inachezacheza. Ikifika sekunde ya tisa, sindano inaruka mpaka mwisho, saketi inakuwa kiziwi, na televisheni inatapika ilichookota kabla ya hapo, herufi zisizo kichwa wala miguu.

— Kuna kishindo pale, Waya akaeleza kwa mara ya kumi na nne. Nguvu kubwa inaingia ghafla. Saketi yangu sauti ikiwa ndogo inaikuza, ikiwa kubwa inaibana. Sasa ikipigwa na kishindo, kapasita inajaa umeme, inabana kila kitu. Mpaka ije ijimwage, mwanzo wa programu umeshapita.

— Kumbe ni tumbo, akasema Kinyozi.

— Si tumbo, bwana. Ni saketi.

— Imekula kwa pupa, imejaa, inasubiri kujimwaga. Wewe kwenu hiyo mnaiita nini?

Waya akarudi kwenye saketi yake. Alikuwa ameshabadilisha kapasita tatu. Alikuwa ameweka daiodi mbili za kukata vilele vya sauti kabla havijaingia. Kishindo kilipita humohumo, mtu na heshima zake.

— Mimi nawaambia hiyo ni kona, Breki akadakia, kikombe mkononi. Kaseti si inazunguka? Basi kitu kinachozunguka kina kona. Sekunde ya tisa kuna kona kali, na programu inaingia na mwendo.

— Wewe kila kitu kona, Mama Birika akasema. Juzi umetumbukia mtaroni, barabara imenyooka.

— Mtaro ndio ulionifuata, Breki akajitetea, akamgeukia fundi.

— Jaribu kupunguza mwendo, Waya. Jaribu tu, akasisitiza Breki. Unapoteza nini?

Waya alijua ni upuuzi. Lakini mtu aliyebakiwa na saa moja na ushei hachagui sana. Akachomeka tena plagi ya saketi kwenye tundu la hedifoni, akabonyeza redio kaseti, ikazunguka kimyakimya, naye akaligandamiza gurudumu la mkanda kwa kidole ili liende taratibu. Sekunde ya tisa ikapita salama. Sekunde ya kumi na moja sindano ikaruka mpaka mwisho.

— Mnaona! Breki akapiga kelele. Tumesogea!

— Tumechelewa tu kufika, Waya akasema, na akarudisha kaseti mwanzo.

Kinyozi akaweka kikombe chini. Alikuwa na namna yake ya kukohoa kabla ya kusema jambo zito, na wateja wake waliiogopa kwa sababu mara nyingi alikuwa ameshika mkasi.

— Tatizo si kona. Tatizo ni shingo.

— Shingo ya nani? akauliza Katibu.

— Sikilizeni. Mteja mgeni ukimgusa shingo na mashine, anaruka. Kila mgeni anaruka. Si kwamba ana ubaya, hajakuzoea. Hiyo kaseti imekaa kikapuni miaka mingapi? Leo mnaiingiza chuma kichwani, wanaume watano mmeikodolea macho. Lazima iruke.

— Wanaume wanne, akasema Mama Birika.

— Mimi nahesabu na televisheni.

Kwa nini televisheni iwe mwanamume hakuna aliyeuliza. Kinyozi akaenda dukani kwake, akarudi na kile kitambaa kikubwa cha kuwafunga wateja, akakizungusha kwenye kompyuta, akakifunga kwa nyuma, akalainisha mikunjo ya mbele kwa kiganja. Hata akaipulizia poda kidogo, kwa mazoea. Waya akaruka kuziba saketi kwa mikono miwili.

— Poda! Wewe una wazimu? Poda kwenye chipu?

— Ya kutuliza ngozi hiyo.

Jaribio la kumi na sita likafanyika chini ya kitambaa. Sekunde ya tisa, sindano ikaruka. Kwenye televisheni zikatokea K mbili, nne tatu na alama ya kuuliza.

— Simama hapohapo! Katibu akasema, na sauti ikatetemeka kwa furaha. Hiyo si kugoma. Hayo ni majibu.

— Majibu ya nini?

— Ya ofisi. Mimi nimefanya kazi na mafaili maisha yangu yote, najua faili linapokataa. K mbili, maana yake nakala mbili. Nne tatu ni kumbukumbu namba. Alama ya kuuliza: barua yako iko wapi? Jamani, marehemu alikuwa mwalimu. Kaseti ya mwalimu haitoki hivihivi kwa mtu yeyote anayekuja na waya. Inataka barua ya utambulisho.

Mama Birika akageuza uso ukutani.

Katibu akachana karatasi katikati ya daftari, akaandika nakala mbili, akasimama, akakohoa. "Kwa yeyote anayehusika. Mtajwa hapo juu ni shemeji halali wa mwenye kaseti, mwenye tabia njema, isipokuwa suala la kung'oa mashine ya awali, ambalo limekwisha kuzungumzwa. Tunaomba apewe ushirikiano." Akaisomea kompyuta barua yote, kwa sauti ya ofisini, kisha akaibandika nakala ya kwanza kwenye televisheni na ya pili kwenye redio kaseti.

— Halijazungumzwa, Waya akasema kwa sauti ndogo.

— Nini?

— Suala la kung'oa mashine. Dada hajawahi kulizungumza na mimi. Hata siku moja.

Mama Birika akammiminia kahawa bila kuombwa, na birika likatoa mlio wa kitu kinachokaribia kukauka. Jua lilishafika kwenye kizingiti. Jaribio la kumi na saba likafanyika kwa barua, kwa kitambaa, na Breki akiwa ameshika gurudumu. Sekunde ya tisa. Sindano. Herufi.

Hapo Waya akafa moyo. Akashika tama, akaitazama kaseti kwa hasira ya mtu anayegombana na asiyejibu. Aliona uso wa dada yake stendi, anapokea kaseti, anasema "si neno, mdogo wangu," kwa upole uleule. Afadhali angemzaba kofi.

Kinyozi akakohoa.

— Waya. Kabla ya hiyo sekunde ya tisa kuna nini?

— Hakuna kitu. Kelele tu. Mlio wa programu ungekuwepo, sindano ingetulia. Pale inachezacheza ovyo.

— Na programu iko wapi?

— Baada ya kishindo. Sekunde ya kumi na mbili hivi sindano inatulia kabisa, inakaa. Ila saketi inakuwa imeshazibwa masikio.

— Basi mbona tunasumbuka? Kilichoharibika kinakatwa. Kinyozi akatoa wembe mpya mfukoni, bado uko kwenye karatasi yake. Sekunde kumi za mwanzo, fyuu. Unaunga na gundi ya karatasi, kazi kwisha.

Ajabu ni kwamba hili halikuwa wazimu, na ndiyo hatari yake. Waya alishakata na kuunga kanda za watu mara nyingi tu. Kati ya nadharia zote za asubuhi ile, hii ndiyo pekee ambayo fundi mwenye akili timamu angeweza kuikubali.

— Tupige kura, akasema Katibu. Wanaoafiki?

Mikono mitatu ikapanda. Wa Waya ulipanda mwisho na uliishia kifuani.

— Mimi simo, akasema Mama Birika. Na kahawa imebaki kikombe kimoja.

Waya akaitoa kaseti. Akauvuta mkanda kwa ncha ya penseli, ule utepe mwembamba wa kahawia, akaulaza juu ya meza kwenye kipande cha kioo. Akapima kwa rula. Sekunde kumi ni karibu nusu mita. Akaweka alama, akachukua wembe.

— Mnamnyoa nani humo?

Wote wakageuka. Dada Mkubwa alikuwa amesimama nyuma ya benchi na begi lake la safari, amevaa viatu vya kufunga, anaitazama kompyuta iliyofungwa kitambaa cha kinyozi na barua ya utambulisho usoni.

— Shikamoo, Dada, Waya akasema, wembe ukiwa hewani.

— Marahaba. Nimeona nikupitie, nisikusumbue kuja mpaka stendi. Imesomeka?

— Bado kidogo. Kuna kelele mwanzoni, Dada, inaziba saketi. Nataka kuikata, sekunde kumi tu. Hakuna kitu pale. Halafu itasoma, nakuapia.

— Kelele gani?

— Kelele tu. Na kishindo. Kishindo kikubwa.

— Cha nini?

— Hakijulikani.

Dada akaweka begi chini. Akamtazama Waya, akamtazama Kinyozi, Katibu na Breki, mmoja mmoja, jinsi mwanamke anavyowatazama watu wazima waliovunja kikombe.

— Kwani mmeisikiliza?

Breki akaanza kukagua kofia yake ngumu, nje na ndani. Kinyozi alikumbuka ana mteja, akasimama, akakaa tena. Katibu akafunua daftari, kikao cha kwanza, cha pili, cha tatu, akishusha kidole mstari kwa mstari mpaka chini, akarudi mwanzo akaanza upya. Waya akaitazama plagi. Miaka ishirini na sita kazi yake ni kuwatengenezea watu redio wasikilize. Tangu siku ya kwanza alikuwa amechomeka plagi kwenye tundu la hedifoni, na redio kaseti ukichomeka kitu pale, spika yake inazimika. Programu si kitu cha masikio. Aliogopa mkanda mzee utachakaa, kila mzunguko akaupeleka moja kwa moja kwenye mashine. Hakuna sikio la mtu lililopewa nafasi.

— Hatujaisikiliza, Dada.

— Hata mara moja?

— Hata mara moja.

Akaweka wembe chini. Akaurudisha mkanda ndani kwa penseli, taratibu, akaingiza kaseti, akachomoa plagi na kubonyeza. Mkanda ukavuma. Mtu akakohoa. Halafu ikatoka sauti ya mwanamume, ya karibu kabisa na mdomo, sauti ya mtu anayejitia ni mtangazaji:

"Moja, mbili. Haya. Programu ya mke wangu, jaribio la tatu." Kisha kwa pembeni, akipaza: "Mke wangu, funga basi huo mlango, kelele zinaingia!"

Na kwa mbali, mwanamke mwenye hasira: "Funga mwenyewe!"

Paa!

Breki akaruka, benchi likateleza kwenye transfoma, Katibu akaanguka chali na daftari lake. Kwenye redio mwanamume alikuwa anacheka. "Ahsante, mpenzi," akasema, na mlio mwembamba wa programu ukaanza, umenyooka, haupandi haushuki.

Waya akaizima. Mkono wake ulikuwa juu ya kibonyezo na hakuweza kuuondoa. Shemeji alifanya walivyofanya wote enzi zile, kutaja jina la programu kwa mdomo kabla ya kuirekodi, ili mtu ajue kilichomo. Zile herufi zilizotapikwa kwenye televisheni mara kumi na saba zilikuwa ni yeye anaongea.

— Mlango wangu, Dada akasema. Akakaa kwenye kipande cha benchi kilichobaki. Nilikuwa nimekasirika. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni kwa ajili ya ile mashine yake. Nikaenda nikaubamiza kwa nguvu zangu zote, nikasema leo ausikie. Mpaka komeo liling'oka.

— Ameusikia, akasema Mama Birika.

— Dada, sasa itasoma! Waya akaanza kuhangaika na plagi. Saketi ni nzima. Wala kukata hakukuhitajika: tunauacha mlango upite, halafu ndipo nachomeka na kuiamrisha mashine ipokee. Dakika nne tu. Utaona alichokuandikia.

— Usichomeke. Rudisha nyuma.

Akarudisha. "Funga mwenyewe!" Paa. "Ahsante, mpenzi."

— Rudisha.

Paa. "Ahsante, mpenzi."

Alirudisha mara tano. Machozi yalikuwa yanamtoka Dada na alikuwa anacheka hapohapo, na kila mlango ulipobamizwa wanaume walishtuka upya wakati wanajua unakuja. Mwishowe Mama Birika akammiminia kile kikombe kimoja, akageuza birika kichwa chini. Hakikudondoka kitu.

— Sasa hiyo programu yenyewe inafanya nini? Breki akanong'ona.

Hakuna aliyejua. Dada akanywa kahawa yote, akapangusa uso kwa ncha ya khanga.

— Ile mashine ya mume wangu, akamwambia Waya. Ulikosea kuing'oa. Nilisema makorokoro, sikusema ile. Ulikosea sana.

— Nilikosea, Dada. Nisamehe.

— Imeniuma miaka yote.

— Najua.

— Basi. Nimeshasema.

Waya akahema mpaka mabega yakashuka. Alikuwa amelisubiri neno hilo miaka, na lilipokuja alitamani kumbusu aliyelisema. Dada akasimama, akaichukua redio kaseti nzima mezani, na barua ya Katibu ikiwa bado imebandikwa, akaikumbatia.

— Hii naondoka nayo. Programu utanisomea nikirudi.

— Utarudi lini?

— Wewe tengeneza saketi yako.

Breki akampakia yeye, begi na redio. Siku hiyo aliendesha polepole mpaka watu wa dukani wakatoka kutazama. Walipokata kona wakawa hawaonekani tena, kijiwe kikasikia mlango uleule wa kaseti unabamizwa huko mbele, paa, na Katibu akaangusha kalamu. Waya akaufunga wembe kwenye karatasi yake, akamrudishia Kinyozi.